Mkulima, Kura na Matuta: Mhadhara kwa Wagombea wa Serikali ya Kijiji

Ndugu wakulima, ndugu wanakijiji, na ninyi mnaojiandaa kuchukua fomu,

Nimeombwa nizungumzie mkulima anayegombea uenyekiti wa kijiji kwa ahadi ya kuilinda ardhi. Walionisikiliza siku za nyuma wanajua nitakapofikia, na naona wawili watatu hapo nyuma wameshaanza kutabasamu. Naam, nitafika Uluguru, na safari hii sina haraka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona, na hapo haikukosea, kwamba udongo wa milima ya Uluguru, kule Morogoro, ulikuwa ukiteremka na mvua hadi mitoni. Dawa iliyoamuliwa ni matuta ya ngazi: watu waliamriwa kuyachimba mashambani mwao, kwa siku za juma walizopangiwa, na mkaidi alishtakiwa. Sasa mfikirie mama mwenye jembe la mkono kwenye mteremko ule. Anakata ukingo, anavuta udongo wa chini kuuleta juu, na ule mweusi uliokuwa ukimlisha miaka yote anaufukia kwa mikono yake mwenyewe; juu unabaki mwekundu, mgumu, usio na rutuba. Anapanda mahindi, nayo yanaota manjano na kudumaa yakiwa hayajamfika magotini, halafu anakuja mkaguzi kumwuliza kwa nini tuta la pili halijaanza. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo waliandamana, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukaachwa. Wataalamu wale hawakukosea kuuhurumia udongo. Walikosea kutomwuliza yule mama, ambaye angewaambia kabla ya jembe la kwanza kwamba udongo wa juu pale ni mwembamba.

Wala asitokee mtu wa kuniambia kwamba wakulima wetu hawakujua kuhifadhi udongo hadi walipofundishwa. Wamatengo wa Mbinga walikuwa na ngoro zao kabla hajafika bwana shamba yeyote: nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana miraba, udongo hufukuliwa katikati ya kila mraba na kufunikia nyasi hizo, shimo linalobaki hukamata maji ya mvua, na mazao hupandwa juu ya kingo. Milima yao ni mikali vilevile, na hakuna polisi aliyehitajika.

Najua kuna kijana hapa anayesema moyoni, "Mzee, hayo ni ya mkoloni, sisi tunajitawala." Basi twende Kondoa, mwaka 1979, miaka 18 baada ya Uhuru, ambako mifugo yote iliondolewa kwa amri katika eneo lililokuwa limeliwa na makorongo. Majani yalirudi, silikatai. Lakini gharama ya majani hayo ilibebwa na mfugaji aliyetafutiwa suluhisho asilolijadili, na ndiyo maana ng'ombe waliendelea kuingizwa usiku.

Kwa nini nawachosha na historia? Kwa sababu mgombea mkulima huja na ugonjwa uleule wa kuamua bila kuuliza, ila safari hii kwa nia njema zaidi. Katika kampeni za Novemba 2024 nilimsikiliza mmoja, mkulima hodari ambaye shamba lake ni darasa, akieleza mabadiliko ya tabianchi kwa karibu saa nzima na kuahidi miche kwa maelfu. Alipomaliza, bibi mmoja akasimama na kumwuliza: "Mwanangu, mbuzi wa jirani wakiitafuna hiyo miche, nakwenda kwa nani?" Akamjibu kwamba watatoa elimu. Bibi akaketi, na mimi nikajua kura yake imekwenda kwingine.

Jibu lilikuwepo, na limo katika sheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Halmashauri hiyo, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inaweza kutunga sheria ndogo kuhusu mifugo, moto na ukataji miti, ambazo hupata nguvu zikishapitishwa na halmashauri ya wilaya. Mwenyekiti hana ghala la miche. Ana kikao, na ana muhtasari wa kikao. Mgombea aseme waziwazi ni sheria ndogo gani ataipeleka mbele ya Mkutano Mkuu, na faini ya mbuzi iamuliwe na wenye mbuzi.

Wasukuma walishalifanya hilo kwa ngitili, yaani malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea, chini ya kanuni zilizokubaliwa kwenye dagashida, baraza lao la jadi. Mradi wa hifadhi ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulishika njia pale ulipoacha kuwahubiria watu na kujengea juu ya desturi hiyo. Hapa nilikuwa na mengi, lakini nayapita.

Nayapita pia ya wanawake katika Halmashauri ya Kijiji. Niseme tu kwamba robo ya viti iliyo katika sheria ni kiwango cha chini, ingawa vijiji vingi huichukulia kama kikomo.

La mwisho ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Mgombea ambaye bustani yake ya nyanya imo ndani ya mita hizo aihamishe kabla ya kuchukua fomu, kwa maana wapiga kura huteka maji palepale na wameshaihesabu kila mche. Hilo lilihitaji nusu saa peke yake, lakini mwenyekiti wa kikao ananionyesha saa yake kwa mara ya tatu, na dakika za maswali nimekwisha kuzila.