Geuza Mkebe Kwanza

(Mhadhara kwa vikundi vya akina mama na vijana, Mombasa, siku chache kabla ya Ramadhani)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mama zangu mlioko mbele, na ninyi vijana mlioegemea ukuta kule nyuma kama mnaongoja matatu, karibuni.

Mwenyekiti ameniandikia mada kwenye karatasi: "Supamaketi ipi rahisi hapa Mombasa?" Naijua mada hii. Nimeulizwa Kisauni, nimeulizwa Likoni, nimeulizwa hata matangani, watu wakingoja maiti atolewe. Kila mara jibu langu ni moja, na kila mara watu hukasirika: sijui. Na wewe hujui, na meneja wa hiyo supamaketi pia hajui. Rahisi kitu gani? Kwa kipimo gani? Kikiwa kimefika wapi, kwenye toroli ama jikoni kwako?

Mnaiona mikebe hii miwili hapa mezani. Walionisikia zamani wameshaanza kucheka, wanivumilie. Hizi ni gorogoro, mikebe ya mafuta ya kupikia ya kilo mbili, ile tunayopimiwa mahindi na maharagwe. Rangi moja, kimo kimoja. Dada, wewe hapo, tafadhali njoo. Jaza mahindi huu wa kushoto mpaka pomoni, halafu usawazishe juu kwa kiganja. Haya. Sasa yamimine yote kwenye huu wa kulia.

Umebaki wazi kiasi gani? Semeni kwa sauti. Vidole viwili!

Sasa ugeuze ule wa kushoto tuone kitako. Mmekiona? Kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Kwa nje mkebe ni mzima, kwa juu umejaa, tena muuzaji anakutilia konzi moja ya nyongeza unaondoka ukimwombea dua. Mkebe huu niliununua. Naam, nilimlipa mtu pesa anipe mkebe wake mbovu, na sababu yake nitawaeleza.

Nyumbani kwangu maharagwe ya wiki yalikuwa yakiisha Alhamisi badala ya Jumamosi. Wakati ule alikuwa akikaa kwetu mpwa wangu, kijana wa chuo, mrefu, na mnawajua vijana warefu wanavyokula. Mimi nikamshuku. Sikumwambia wazi, nikawa nasema kwa mafumbo: "Siku hizi nyumba hii ina panya wa ajabu, panya anayetumia kijiko." Kijana wa watu akawa anaondoka mezani kabla hajashiba. Mke wangu ananitazama tu. Miezi minne hivyo! Mpaka siku moja akanunua maharagwe kilo mbili supamaketi, kwa kuwa mvua ilinyesha akashindwa kufika sokoni, na maharagwe yale yakafika Jumamosi, yakabaki ya Jumapili. Mpwa wangu yumo nyumbani, anakula kama kawaida. Ndipo mke wangu akaniambia, "Basi huyo panya hapendi maharagwe ya supamaketi?"

Nikaenda sokoni na mizani ya jikoni mfukoni. Mengine mnaweza kuyakisia. Nilimwomba radhi yule kijana, na mkebe nikaununua ili niwaonyeshe watu kama ninyi, kwa sababu nilipoueleza kwa mdomo tu waliniambia nazidisha chumvi.

Sasa kuna mtu hapa anajiambia, "Kumbe mzee anatutuma supamaketi." La hasha. Subirini.

Marehemu nyanya yangu alikuwa na pishi yake ya mbao, na kibaba chake. Mnajua vibaba vinne ni pishi moja, na wengi wenu pishi mnaikumbuka mara moja kwa mwaka tu, ikifika zakatul-fitri, ile zaka ya chakula ya mwisho wa Ramadhani, halafu mnaanza kubishana: ni kilo mbili na nusu ama ni tatu kasoro? Mnabishana bure, kwa sababu pishi ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Pishi ya mchele na pishi ya tende haziwezi kuwa sawa kwenye mizani. Hata mchele na mchele: ulio mkavu na uliopata unyevu hautoi kilo zilezile. Nyanya alilijua hilo bila kusoma, ndiyo maana alikuwa akikamata punje anaziuma kwanza. Sasa wewe unaniambia, "Sokoni kibaba ni pesa hizi, supamaketi kilo ni pesa hizi, kwa hiyo sokoni rahisi." Umelinganisha kanga na kofia. Kipime kile kibaba kwenye mizani yenye muhuri wa watu wa vipimo, mara moja tu, uandike ukutani jikoni: kibaba cha muuzaji fulani, cha kunde, ni gramu kadhaa. Baada ya hapo ndipo una haki ya kusema rahisi na ghali.

Na supamaketi? Msidhani wao hawana nyundo. Wanayo, tena ya kisasa, haitoi mlio. Tulizoea pakiti ya maziwa ya nusu lita. Leo mkitoka hapa someni yale maandishi ya sisimizi pembeni. Zipo zilizoandikwa mililita 500, zipo za 450. Mfuko unafanana, na ng'ombe kwenye picha amenona vilevile. Tuseme ya 450 ni shilingi 60 na ya 500 ni shilingi 65. Mkono wako utakwenda wapi? Kwenye 60, na utajiona mjanja. Toeni simu mpige hesabu. Ya 65, kila mililita 100 ni shilingi 13. Ya 60 ni 13 na senti 33. Ile "rahisi" ndiyo ghali. Wala hakuna aliyekuibia, maana imeandikwa. Mchuuzi wangu alikificha kitako cha mkebe. Huyu amekuandikia kabisa kwamba kitako kimebonyezwa, na wewe hukusoma.

Ndiyo maana nasema geuza mkebe kwanza. Kama ni bati, geuza bati. Kama ni pakiti, tafuta gramu. Kama ni "ofa, nunua mbili upate ya tatu bure", tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha uangalie bei ya moja ilikuwa ngapi wiki iliyopita. Unayo risiti ya wiki iliyopita? Huna. Umeitupa hapohapo mlangoni, kwenye lile pipa waliloliweka kwa ajili yako.

Halafu kuna hili la bei ya rafu na bei ya keshia. Duka sitalitaja. Nimebeba mchele pishori wa kilo tano, kwenye rafu una bei yake, nafika kwa keshia umepanda shilingi 40. Nauliza. Naambiwa, "Mzee, sistimu haijabadilishwa." Sawa, sistimu ni chuma, inaweza kuchelewa. Lakini naomba kujua, katika miaka yote hii mbona haijapata kuchelewa hata siku moja kwa faida yangu?

Najua mama yule ataniuliza nini, ameshainua kitabu chake. "Mwalimu, hesabu zako ni za mwenye pesa. Mimi nanunua mafuta ya 20, sukari robo, majani ya chai ya shilingi 10." Mama, hilo ni swali la haki na sitalicheka. Tuseme lita ya mafuta ni shilingi 300, na mafuta ya kupima ya shilingi 20 ni mililita 50. Ili ufikishe lita moja unapimiwa mara ishirini, yaani shilingi 400. Umelipa mia moja zaidi kwa kosa la kutokuwa na mia tatu siku moja. Mwenye nacho ndiye anayeuziwa rahisi, na asiye nacho ndiye anayeuziwa ghali. Si kwa mafuta peke yake, ni duka zima. Na mwenye kioski naye si mwizi. Ananunua dumu, anapima, mengine yanamwagika, na wengine wanakopa hawalipi.

Lakini ninyi mna chama. Kila Jumapili mnakutana, mnachanga, mnampa mmoja pesa taslimu, na Jumatatu zimeshaisha kwa mambo ambayo sitaki kuyasema mbele ya imamu. Kwa nini mzunguko mmoja kwa mwezi usiwe wa dumu la lita ishirini? Watu kumi, kila mtu lita mbili, mnapimiana wenyewe, kwa kipimo mlichokigeuza kitako. Nimelisema hili miaka mingi na vikundi viwili tu vimenisikia. Viwili! Lakini mkiitwa kuchangia sare za harusi hamuulizi mara mbili.

Kuhusu deni, niseme jambo moja tu. Mwenye duka la mtaani anakukopesha hadi mwisho wa mwezi, na anajua mtoto wako ana homa. Keshia hakujui. Huo ni msaada wa kweli, na bei yake imo ndani ya ule mkate na ile sukari. Ilipe, lakini ujue unalipia nini.

Kijana nyuma anatikisa kichwa. Anataka kuniambia supamaketi ni za uhakika, zina mizani ya stima, zina kamera, ni kampuni kubwa. Mwanangu, wewe ulizaliwa lini? Supamaketi ya Uchumi ilianzishwa 1975, ikafunga milango 2006, ikafufuliwa, ikaanguka tena. Nakumatt, ambayo jina lake tu ni Nakuru na magodoro, ilikuwa na matawi mpaka Uganda, Rwanda na Tanzania. 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na watu waliokuwa wakijikusanyia pointi wakabaki na kadi za kukwangulia masufuria. Wakaja Tuskys, nao kwa jina la kampuni ni Tusker Mattresses, yaani magodoro tena, nao asili yao Nakuru, nao wakaenda njia hiyohiyo. Wenzetu wa Nakuru walituuzia magodoro, halafu wakatukosesha usingizi. Leo tuna Naivas, tuna Quickmart, tuna Chandarana, tuna Carrefour tangu 2016. Nawatakia heri. Lakini zilizoanguka zilianguka zikiwa na madeni ya waliowaletea bidhaa, na kabla ya kuanguka rafu zilianza kuonyesha mgongo. Ukiona hivyo, usiweke pesa zako kwenye kadi ya mtu.

Na hao wanaoleta bidhaa wanatuhusu pia. Bei ikishushwa kwenye rafu, aliyeishusha ni nani? Mara nyingi si mwenye rafu. Mwaka 2021 jopo la rufaa la mambo ya ushindani lilikubaliana na Mamlaka ya Ushindani dhidi ya Majid Al Futtaim, waendeshaji wa Carrefour hapa Kenya, kwa malalamiko ya mtengeneza mtindi mmoja mdogo, juu ya makato aliyolazimishwa na bidhaa alizotakiwa kutoa bure. Kitako cha mkebe wa huyo muuza mtindi nani alikigonga? Hili ni refu, linataka siku yake.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka.

Nauli. Umepanda tuktuk kwenda na kurudi kufuata sukari iliyopungua shilingi 10. Nilie ama nicheke? Soko la Kongowea linalipa ukienda na orodha ya watu watatu na kapu kubwa, alfajiri, machungwa ya Tanga yakishushwa. Ukienda saa tano kununua fungu moja la tungule, ungebaki kwa mama mboga wako. Na sanduku la tungule la bei ya chini ambalo nusu yake inaoza kabla ya Ijumaa, bei yake igawe kwa zile ulizopika, si kwa zile ulizonunua.

Mtoto usimpeleke. Peremende zile karibu na keshia zimepangwa kwa kimo chake, si chako. Maziwa yamewekwa mwisho kabisa wa duka ili upite mbele ya biskuti zote. Kapu beba lako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 na bado kila wiki watu wananunua mfuko mpya.

Vya Ramadhani: unga wa ngano, sukari, tende, mbaazi, msingoje ile wiki ya mwisho ya Shaabani watu wakisukumana. Tende fungueni muone ndani. Nilikuwa na la samaki, na nilikuwa na la nyama ya kupima na mfupa wake, hayo basi tena.

Ile ndiyo adhana. Maswali tutayasikia baada ya sala, hapo nje chini ya mwarobaini. Dada, mahindi ni ya mwenye ukumbi, yarudishe kwenye gunia. Na huo mkebe wa kushoto uko wapi? Nani ameuchukua? Nirudishieni, msije mkaurudisha sokoni.