Mkanda Mmoja, au Mkanda wa Kila Steji?

IDI: Karibuni tena, jamaa zetu wa silaha tatu, mashindano ya bastola, raifo na shotigani. Leo ratiba ni ndefu: mkanda, yaani tuuache vilevile siku zote au tuupange upya kila steji, kila hatua ya mashindano; choki za shotigani, zile za mdomo wa mtutu zinazobana marisau; halafu kusawazisha darubini ya raifo. Kila mada dakika kumi. Ila kwanza, dada Rehema, Jumamosi hukupiga.

REHEMA: Sikupiga. Nilishika taima, ile saa ya kupima muda, nikasimamia steji moja tangu asubuhi hadi jioni. Na kuna jambo nililoliona huko bado liko kichwani. Mshindani mmoja, mwepesi kweli, alimaliza sehemu ya bastola, akairudisha kwenye ala, akachukua shotigani mezani. Hatua chache tu mbele, kishikio chake cha risasi kikang'oka mkandani. Risasi nane zikamwagika kwenye kokoto.

IDI: Akaziokota?

REHEMA: Alipiga goti akaokota. Mimi macho yote kwenye mtutu, maana mtu anayetafuta kitu chini hugeuza mwili, na mwili ukigeuka bunduki nayo inafuata. Mtutu ukipita nyuzi 90 kutoka mbele, kushoto au kulia, anatolewa mashindanoni papo hapo. Namsifu, aliuweka mbele mwanzo mwisho. Lakini muda ulishakwenda.

[Sauti ya velkro ikibanduliwa]

IDI: Hiyo nini?

REHEMA: Mkanda wangu. Nimekuja nao. Hauna silaha, na risasi zilizopo ni za mazoezi, hazina baruti. Nataka nikuonyeshe kile kishikio kilifungwa vipi.

IDI: Wasikilizaji hawaoni, Rehema.

REHEMA: Watasikia. Huu wa ndani unapita kwenye vitanzi vya suruali. Nje yake una velkro. Huu wa pili, mgumu, ndio unaobeba mizigo yote, na unanasa juu ya ule wa ndani. [velkro] Ukivuta ala kwa nguvu, mkanda haupandi. Anayeanza akiniuliza anunue nini kwanza, namwambia mkanda mgumu, kabla hata ya kufikiria darubini.

IDI: Hapo tuko pamoja. Na ala?

REHEMA: Ala yenye kufuli. Zile za wazi zinazoshika kikinga triga tu zinafaa sana kwenye mashindano ya bastola peke yake. Huku kwetu unakimbia, unalala kifudifudi, unapanda ukuta, na bastola iko kiunoni wakati mikono yote miwili imeshika raifo. Bastola ikianguka umetolewa, hakuna kujitetea.

IDI: Mimi mtumiaji wa mkono wa kulia, kwa hiyo ala iko nyonga ya kulia, mbele kushoto risasi za shotigani, zikifuatiwa na magazini za bastola, na nyuma kabisa magazini ya raifo. Haijabadilika tangu mnijue.

REHEMA: Wote tunajua, Idi. Hata wasikilizaji wanaijua kwa moyo.

IDI: Na haitabadilika. Taima ikilia, kichwa kinashughulika na shabaha. Mkono ndio unaokwenda kutafuta risasi, na mkono unakwenda pale ulipozoeshwa. Nikihamisha kishikio kwa upana wa vidole vinne tu, mkono unashika hewa.

REHEMA: Mazoea yana taabu, kaka. Steji ya kwanza Jumamosi ilikuwa na shabaha za chuma za shotigani tele, na raifo ilihitaji magazini moja tu, ile iliyomo ndani tayari. Kwa nini nibebe mbili za ziada? Magazini ya risasi 30 ikijaa ni karibu nusu kilo. Risasi 24 za shotigani ya geji 12 nazo zinafika kilo moja hivi. Ukijumlisha bastola na magazini zake, unakimbia na mzigo wa sokoni.

IDI: Kilo moja siisikii.

REHEMA: Utaisikia ukilala. Ile steji ya tatu raifo ilipigwa kifudifudi. Vishikio vyako vya mbele vinakuwa kati ya tumbo na ardhi. Unainuka kidogo, kiwiko hakikai, msalaba wa darubini unacheza na kila pumzi. Mimi kwenye steji kama ile nasogeza risasi zote ubavuni. [velkro] Hivi.

IDI: Wewe mkanda wako unabadilika kila steji kama foleni ya daladala! Na sasa nikwambie kwa nini cha yule bwana kilianguka. Nina hakika alikihamisha asubuhi ile. Vishikio havipendi kuhamishwa. Kila ukilegeza skrubu na kuikaza tena, inashika kidogo kuliko mwanzo.

REHEMA: Hapana. Nilikikagua baada ya steji. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea, na hazikuwa na gundi ya skrubu hata tone. Ile gundi nyepesi inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida ingetosha. Mtetemo wa kukimbia siku nzima umezizungusha. Ingeweza kutokea hata kwa mkanda usioguswa mwaka mzima. Tena huo ndio hatari zaidi, kwa sababu mwenyewe haukagui.

IDI: Mimi nakagua.

REHEMA: Wewe unakagua. Wangapi wanakagua? Anayeupanga upya kila steji analazimika kugusa kila skrubu.

IDI: Na analazimika kukumbuka kila skrubu. Tuzungumzie kujaza shotigani. Nne nne: mkono wa kushoto unachota risasi nne kwa mpigo, jozi mbili, kidole gumba kinasukuma jozi ya kwanza ndani ya bomba, halafu ya pili. Ili hilo litokee, vitako vyote vya risasi lazima vielekee upande mmoja na pembe iwe ileile. Anayeanza inamchukua miezi kuizoea. Kila steji ukimbadilishia pembe, unamrudisha mwanzo.

REHEMA: Kwa anayeanza, nakubali asiguse pembe.

IDI: Basi umekubali.

REHEMA: Sijakubali! Nimesema pembe. Mahali pa kishikio ni jambo jingine. Mkanda wangu nimeutia alama za rangi, A, B na C. [velkro] Nafanyia mazoezi nafasi zote tatu nyumbani, kwa risasi za bandia, mbele ya taima. Mkono wangu unajua sehemu tatu. Mpishi anajua vyungu vingapi?

IDI: Mpishi hapigiwi kengele akiwa na shotigani mkononi. Tangu IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu wa kulenga shabaha, ilipoanzishwa mwaka 1976 kule Columbia, Missouri, mchezo huu umebeba mambo matatu: usahihi, nguvu, kasi. Usahihi umetangulia. Mtu asiyejua mkono wake uende wapi anapoteza utulivu, na risasi inayofuata inapita kando.

REHEMA: Na tunapopigiwa kwa muda, kila sekunde ni alama, na shabaha uliyoikosa inakuongezea nyingine. Mimi nataka muda na usahihi vyote, ndiyo maana nalala tumbo likiwa limegusa chini.

IDI: Nani alikuwa na muda mzuri zaidi Jumamosi, wa mkanda mmoja au wa kupanga upya?

REHEMA: Kwenye steji yangu? Wa mkanda mmoja.

IDI: Haya!

REHEMA: Subiri. Aliyeongoza ile ya kulala, anayesimamia aliniambia, alikuwa na mbele tupu kabisa.

IDI: Labda huo ndio mkanda wake wa siku zote.

REHEMA: Labda. Sikumuuliza.

IDI: Basi hapo tumekwama.

REHEMA: Tumekwama. Mimi sihami.

IDI: Wala mimi. Na saa inatuambia tumebakiza dakika mbili. Choki hatujagusa. Darubini hatujagusa.

REHEMA: Choki kwa dakika mbili ni dhambi. Nilitaka tuweke karatasi umbali mbalimbali tuone marisau yanavyotawanyika, halafu tupige slagi, risasi moja nzito badala ya marisau, kwa choki ileile. Hilo linataka kipindi kizima.

IDI: Na darubini nilikuwa na karatasi nzima ya maelezo hapa. Naifunga. Jamaa, tutumieni picha za mikanda yenu, upande wa mbele na wa ubavuni.

REHEMA: Ala ziwe tupu kwenye picha, tafadhali, na risasi halisi zibaki sandukuni. Na mtuandikie mnajaza kwa mkono gani, maana wa mkono wa kushoto wanatuuliza maswali ambayo Idi anayaruka kila wiki.

IDI: Siyaruki. Nayapanga.