Mraba Husahau Alama

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naanza kwa kuandika ubaoni kosa ninalolikuta kwenye madaftari kila mwaka:

√(9 + 16) = 3 + 4 = 7

Aliyeandika hivi ametumia akili. Ameona kipeuo kinagawika vizuri kwenye kuzidisha, akadhani kwenye kujumlisha ni vivyo hivyo. Lakini 9 na 16 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Alama hii √ ilipochapwa na mwanahisabati Mjerumani Christoph Rudolff mwaka 1525 haikuwa na mstari wa juu. Ni Mfaransa René Descartes, mwaka 1637, aliyeiunganisha na mstari unaofunika hesabu nzima. Uoneni mstari ule kama mabano: kilichomo chini yake kimalizwe kwanza, ndipo kipeuo kitafutwe.

Kwenye kuzidisha tuko huru, na hapo ndipo kurahisisha kunapoanzia. Chukueni √72. Natafuta kigawo chake kikubwa kabisa ambacho ni mraba kamili, yaani namba kamili iliyozidishwa kwa yenyewe. Kipo, ni 36, yaani 6 × 6. Basi √72 = √36 × √2 = 6√2. Aliyeona 9 peke yake atapata 3√8. Hajakosea, ila hajamaliza, kwa sababu ndani ya 8 bado kuna 4. Na asiyeona chochote aivunje namba kwa vigawo tasa: 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Kila jozi hutoa mmoja nje. Mbili iliyokosa mwenzake hubaki ndani.

Faida yake mtaiona hapa: √50 + √18. Ukizitazama hivi hazifanani hata kidogo. Zirahisishe, zinakuwa 5√2 na 3√2, jumla 8√2. Kipeuo kikiwa kwenye asili ya sehemu, yaani namba ya chini, kama 6/√3, zidisha juu na chini kwa √3, upate 2√3. Hilo halihitaji maneno mengi.

Hiyo √2 inayobaki haiandikiki kama sehemu ya namba kamili mbili. Wanahisabati wa kale walioandika kwa Kiarabu waliita vipeuo vya namna hii asamm, yaani kiziwi, na Kilatini kikalitafsiri neno hilo kwa maana hiyo hiyo. Mimi nalipenda jina hilo. Uiite √2 kwa sehemu yoyote, haitaitika.

Sasa milinganyo, na hapa naomba twende taratibu.

√(x + 7) = x − 5

Kipeuo kiko peke yake upande wa kushoto, kwa hiyo tunaweka mraba pande zote mbili: x + 7 = x² − 10x + 25. Tukikusanya, x² − 11x + 18 = 0, yaani (x − 9)(x − 2) = 0. Basi x ni 9 au 2. Wengi hapa hupiga mstari chini ya jibu na kufunga daftari.

Tuzirudishe namba hizi kwenye mlinganyo wa mwanzo. Kwa 9: kushoto √16, ambayo ni 4, kulia 9 − 5, ambayo ni 4. Sawa. Kwa 2: kushoto √9, ambayo ni 3, kulia 2 − 5, ambayo ni hasi 3. Si sawa. Alama √ kwa makubaliano hutupa kipeuo kisicho hasi, kwa hiyo 2 inaondoka.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: mwalimu, kama kila hatua ilikuwa sahihi, hii 2 imetoka wapi? Swali zuri sana. Namba mbili zikiwa sawa, miraba yake ni sawa. Lakini miraba ikiwa sawa, namba zenyewe huenda zinatofautiana kwa alama: 3 na hasi 3 zote huzaa 9. Mraba husahau alama. Andikeni mlinganyo huu pembeni:

−√(x + 7) = x − 5

Uwekeeni mraba. Mnapata mstari ule ule, x + 7 = x² − 10x + 25. Milinganyo miwili imeingia mlango mmoja, na kutoka hapo hatujui tena tulianza na upi. Jaribuni 2 kwenye huu wa pili: hasi 3 ni sawa na hasi 3. Ile 2 ilikuwa jibu halali la jirani. Ndiyo maana nahesabu kuhakiki kuwa hatua kamili ya kutatua, na asiyehakiki simpi alama zote.

Vipeuo vikiwa viwili, kama √(x + 5) + √x = 5, hamishia kimoja upande wa pili kwanza: √(x + 5) = 5 − √x. Mraba wa kulia ni 25 − 10√x + x. Ile −10√x ndiyo watu huidondosha, na bila hiyo hesabu imekufa. Tukiwa nayo, x zinafutana, 10√x = 20, √x = 2, x = 4. Hakikini: 3 na 2 ni 5.

Kwa kipeuo cha tatu hatari hii haipo kwenye namba halisi, maana 2 hutoa 8 na hasi 2 hutoa hasi 8, alama haipotei. ∛(x + 7) = −2 hutupa x + 7 = −8, x = −15, na hakuna jirani aliyeingia. Karibuni kwa maswali.