Asidi Ikimwagika Barabarani, Nani Apige Simu?

Baba zangu, mama zangu, vijana wa kamyo, asanteni kwa kuja. Naona madereva wamekaa mbele na matajiri wa magari wamejificha nyuma. Ningependa ingekuwa kinyume, maana mengi ya leo yanawahusu wa nyuma.

Tarehe 20 Februari 2019, kijijini Kabwe, kwenye barabara kati yetu hapa Lubumbashi na Kolwezi, kamyo ya asidi iliyokuwa ikielekea mgodi wa Mutanda iligongana na basi. Watu wasiopungua 18 walikufa, na wengine wakaunguzwa na asidi iliyowamwagikia. Sihitaji kuwaeleza asidi inafanya nini migodini. Kila mtu wa Katanga anajua kwamba ndiyo inayoyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye udongo, na kwamba nyingine inapitia mpakani Kasumbalesa.

Nitasema kuhusu dakika za kwanza baada ya ajali. Kwa kawaida mambo huenda hivi. Dereva, kama yu hai na hajakimbia, anampigia tajiri wake. Tajiri anampigia mwenye mzigo. Mwenye mzigo anamtafuta wakili. Wakili yuko mkutanoni. Asidi nayo haingoji mkutano uishe, inashuka mtaroni, mtaro unaingia mtoni. Kama mto huo ni Lufira, mbele yake kuna ziwa Changalele na wavuvi wake, ambao hakuna aliyekumbuka kuwapigia.

Kwa hiyo jibu langu ni moja: anayepaswa kutoa habari ni yule ambaye mzigo uko mikononi mwake saa ile. Si yule aliyeununua, si yule aliyeupakia, si mwanakijiji aliyeona moshi. Ni msafirishaji, na kwa niaba yake dereva.

Hilo silibuni mimi. Kule Marekani sheria inamtaja waziwazi yule anayeshikilia mzigo. Mtu akifa au akilazwa hospitali kwa sababu ya mzigo wenyewe, watu wakihamishwa kwa saa moja au zaidi, au barabara kubwa ikifungwa muda kama huo, lazima apige simu mapema iwezekanavyo, kabla ya kupita muda wa saa 12 tangu ajali, kwenye kituo kimoja cha taifa. Ripoti ya maandishi inafuata ndani ya siku 30. Ninachokipenda zaidi ni kwamba simu ile ya kwanza haingoji kwanza ijulikane kosa ni la nani. Mnaponiambia, "Nikipiga simu nimejishitaki," mnachanganya mambo mawili. Kutoa habari ni kazi. Kosa litatafutwa baadaye, na wenye kulitafuta wapo.

Sisi hapa Kongo tuna sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, yenye kanuni kwamba anayechafua ndiye analipa. Ni nzuri, lakini malipo huja baadaye, wakati samaki wameshakufa.

Sasa niwageukie wa nyuma. Dereva anakimbia kwa sababu anaogopa mawe ya watu na anaogopa jela. Mimi simlaumu kwa kuyaogopa mawe. Akijiona hatarini, akimbilie kituo cha polisi kilicho karibu, atoe habari hapohapo. Lakini wewe tajiri umefanya nini ili asibaki peke yake? Je, ndani ya kamyo kuna karatasi ya namba za simu, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ambayo hata boyi, msaidizi wa dereva, anaweza kuisoma dereva akiwa amezimia? Je, ofisini kuna mtu wa zamu usiku? Au umemwambia, kama wengi mnavyowaambia, "Usiongee na yeyote mpaka nifike"? Neno hilo moja limegharimu maisha. Mkataba useme kinyume: dereva awapigie simu kwanza polisi na shefu wa kijiji, kisha akupigie wewe.

Aseme nini? Asome namba za kile kibao cha rangi ya chungwa kilicho kwenye kamyo. Juu 80, chini 1830: hiyo ni asidi ya salfa. 33 na 1203 ni petroli. 30 na 1202 ni mazutu, yaani dizeli. Aseme yuko wapi, tangi limepasuka au linavuja, na mzigo uliomwagika unatiririkia upande gani. Basi. Asikisie lita, maana tangi la asidi hudanganya macho: asidi nzito ina uzito karibu mara mbili ya maji, kwa hiyo tangi dogo limebeba tani nyingi.

Kuhusu maji, nimeulizwa mara nyingi. Mtu aliyemwagikiwa, avuliwe nguo na amwagiwe maji mengi, kwa muda mrefu, bila kusita. Lakini dimbwi la asidi usilimwagie ndoo ya maji. Litachemka na kukurukia usoni. Hapo panahitaji udongo wa kuzuia lisiende mtoni, na chokaa inayotiwa polepole na watu waliovaa kinga.

Petroli ni habari nyingine. Huko Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya 200. Kati ya kupinduka na moto kulikuwa na muda. Kutoa habari kunaleta watu wa kuzuia ndoo zisisogee.

Kijana pale anauliza: na kama ni vali tu inavuja tone tone, nimeshapita Likasi? Simama mbali na nyumba na mbali na maji, weka vibao vya onyo, piga simu. Tajiri akikuambia endesha tu hadi Kolwezi, mwombe akutumie maneno hayo kwa ujumbe wa maandishi. Wengi hawatautuma.