Chuma juu ya paa la Saint-Omer

Ndugu zangu, mmenialika niseme ni nini kiliyaleta Mapinduzi ya Ufaransa, na najua mnangoja nianze na Bastille. Gereza lile lilitekwa tarehe 14 Julai 1789, hilo mlilisoma shuleni. Mimi nataka tupande juu ya paa.

Tupo Saint-Omer, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1780. Bwana mmoja, Vissery de Bois-Valé, amesimika kinga-radi juu ya nyumba yake: chuma kirefu, na nchani amefunga upanga. Kifaa hicho kilitokana na majaribio ya Mmarekani Benjamin Franklin, na kilikuwa na umri wa miaka isiyofika thelathini. Majirani wakaingiwa na hofu. Chuma kile kitaita radi, walisema, itatuunguza sote! Wakaenda kushtaki, na wakuu wa mji wakaamuru kiteremshwe.

Vissery akakata rufaa. Kesi ikafika mahakama ya mji wa Arras, na Mei 1783 akasimama wakili kijana wa miaka 25. Naomba mlisikilize vizuri hili, maana nimelisema kila nilipoalikwa na sitachoka kulisema. Wakili yule hakuwaambia mahakimu, "Waaminini wataalamu." Aliwaambia kwamba hawahitaji kuwa wataalamu. Majaribio yamefanyika, matokeo yameonekana, na mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kuyapima. Akashinda kesi, chuma kikaruhusiwa kurudi juu ya paa. Jina lake Maximilien Robespierre, yule aliyekuja kuwa kiongozi wa Mapinduzi.

Sasa ichukueni hoja hiyo muipeleke ikulu. Louis wa 16 alitawazwa Reims tarehe 11 Juni 1775, akapakwa mafuta yaliyosemekana kushushwa na njiwa kutoka mbinguni. Siku chache baadaye akawagusa wagonjwa wa matezi ya shingo wapatao 2,400, kwa sababu mfalme wa Ufaransa aliaminiwa kuponya kwa kugusa. Wafalme wa zamani walikuwa wakitamka: "Mfalme anakugusa, Mungu anakuponya." Katika karne ya 18 maneno yakabadilika: "Mungu akuponye." Sisi wenye Kiswahili tunaiona tofauti mara moja. Anakuponya ni habari, akuponye ni dua. Hakuna aliyekuwa amemkabili mfalme wala kumtukana. Ila hata pale penyewe, mbele ya mgonjwa aliyepiga magoti, habari ilikwisha kugeuka dua.

Hapo ndipo huinuka mtu akaniambia: Mwalimu, acha hadithi za radi, Mapinduzi yaliletwa na njaa, na mwenye njaa hana miiko. Nimejibu swali hili mara nyingi, nalijibu tena. Majira ya baridi ya 1709 yaligandisha mashamba, Wafaransa wakafa mamia ya maelfu. Ghasia za mkate zilizuka, lakini kiti cha enzi hakikutikisika. Mwaka 1789 mkate ulipanda bei tena, na safari hii watu walikuwa wametoka kuandika malalamiko yao kwenye madaftari, parokia kwa parokia, kodi kwa kodi. Tarehe 5 Oktoba wanawake wa Paris wakatembea hadi ikulu ya Versailles, na kesho yake wakarudi na mfalme mwenyewe. Njaa iliwatoa nyumbani. Lakini ni nani aliyewafundisha kwamba mfalme anaweza kudaiwa jibu?

Nilitaka pia kumzungumzia mwandishi Voltaire, aliyetoka Uingereza akiwa ameyajua mawazo ya mwanasayansi Newton na mwanafalsafa Locke, na Haiti ya 1791, koloni la Ufaransa, ambako watumwa walioasi waliichukua hoja hii na kuifikisha mahali ambapo Paris ilikuwa inaogopa kufika. Haiti inahitaji siku yake. Naona mwenyekiti anatazama saa.

Basi nimrudie wakili wangu. Baada ya kesi alichapisha hotuba zake, akampelekea Franklin nakala pamoja na barua. Miaka tisa ikapita. Ufalme ukafutwa Septemba 1792, na tarehe 3 Desemba Robespierre akasimama bungeni kuzungumzia hatima ya Louis. Yeye aliyewaomba mahakimu wa Arras wapime ushahidi wa chuma kimoja, siku ile alisema mfalme hana haja ya kusikilizwa kesi, amekwisha kuhukumiwa, afe ili nchi iishi. Hilo sijamsamehe. Bunge lilimkatalia, kesi ikasikilizwa, na Louis akakatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793.