Amri yako mwenyewe ndani ya Vim: kunyoosha ritifaa

Assalaam alaykum, watazamaji wangu. Mimi huchapa miswada ya Kiswahili hapa Ng'ambo, Unguja, na leo tunatengeneza amri ya Vim, programu ya kuhariri maandishi, itakayonyoosha ritifaa zilizopinda zinazokuja na faili za wateja, kwani ukitafuta ng'ombe, kompyuta haimwoni ng’ombe aliyeandikwa kwa alama ile nyingine.

Fungua .vimrc, faili ya mipangilio ya Vim, uandike mstari huu:

command! -range=% Ritifaa <line1>,<line2>s/’/'/ge

Jina lazima lianze kwa herufi kubwa, na mimi napenda amri zangu ziwe na majina ya Kiswahili. Herufi g hubadilisha kila ritifaa ya mstari. Herufi e huzuia malalamiko isipopatikana hata moja.

Ritifaa iliyopinda haimo kwenye kibodi. Ukiwa katika hali ya kuandika, bonyeza Ctrl pamoja na K, achia, kisha bonyeza ritifaa ya kawaida na tarakimu 9. Naona kwenye video zinafanana mno. Ngoja nikuze maandishi. Sasa tazama: ya kushoto imepinda kama ndoana, ya kulia imesimama wima.

Hapa kwenye <line1>,<line2> (yaani mstari wa kwanza na wa mwisho wa sehemu uliyoichagua) tafadhali tulia. Usiweke alama ya asilimia mahali pake. Mimi niliiweka, nikachagua beti mbili tu za shairi, na amri ikapita faili nzima, ikanyoosha hata alama za kufungia nukuu ambazo mwandishi alitaka zipinde, nami nikagundua kurasa zimeshatoka kwenye printa. Asilimia inakaa kwenye -range tu, na maana yake ni kwamba usipochagua mistari, ndipo faili nzima ishughulikiwe. Narudia: kwenye -range tu.

Hifadhi, tufungue shairi. Naandika :Ritifaa, na Vim inajibu E492, haiitambui amri, kwa sababu sijaisomesha mipangilio mipya. Andika :source ~/.vimrc kwanza.

Sasa bonyeza V, shuka hadi mwisho wa ubeti, kisha bonyeza nukta mbili. Alama '<,'> zitajitokeza zenyewe. Usizifute, kwani ndizo zinazobeba mistari uliyoichagua. Malizia kwa Ritifaa, ubonyeze Enter. Neno Ng'ambo la ubeti huu limenyooka, na nukuu ya ubeti wa chini haikuguswa. Ukiona kasoro yoyote, bonyeza u kabla hujahifadhi.