Huna uzito wa kurudia: kupungua ukubwani kwa aliyekuwa mnene tangu utotoni

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wananchi na wahudumu wa afya. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Shikamooni wazee wangu. Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na wote kwa ujumla habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kupunguza uzito, nami nikaomba ruhusa ya kuibana mada. Leo sitazungumza na mama aliyeongezeka baada ya uzazi wa tatu, wala na baba aliyeota kitambi baada ya kupandishwa cheo. Hao wanazungumziwa sana. Nazungumza na yule aliyekuwa mnene tangu chekechea. Picha zake zote za utotoni ni za mtoto mnene. Aliitwa Bonge darasa la kwanza, na mpaka leo wapo wanaomwita hivyo njiani wakidhani wanamsalimu kwa mapenzi. Mimi ni mmoja wa hao walioitwa Bonge. Ni afisa lishe, na nilikuwa mtoto wa namna hiyo, kwa hiyo mengine nitayasema kwa kuyasoma na mengine kwa kuyaishi.

Mtu aliyenenepa ukubwani ana mwili anaoukumbuka. Atakwambia, "Nilipoolewa nilikuwa na kilo sitini, nataka nirudi pale." Ana gauni kabatini, ana picha ya harusi ukutani. Sisi hatuna. Tangu tujitambue tuko hivi. Ukimwambia mtu wetu arudi kwenye uzito wake, anajiuliza moyoni: upi? Anaambiwa arudi mahali ambapo hajawahi kufika. Ndiyo maana ushauri unaomfaa jirani mara nyingi haumfai yeye, na akishindwa kuufuata anahesabiwa mvivu.

Sasa nataka mnisikilize vizuri hapa, maana hili ndilo lililonibadilisha namna ya kufanya kazi. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska kule Sweden, wakiongozwa na Kirsty Spalding, walitoa majibu ya swali la zamani: seli za mafuta mwilini huongezeka lini? Njia waliyotumia ni ya ajabu. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mataifa makubwa yalikuwa yanalipua mabomu ya nyuklia angani kwa majaribio. Milipuko ile iliongeza hewani aina fulani ya kaboni, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, kisha kwenye miili ya watu dunia nzima. Mwaka 1963 mkataba ukasainiwa wa kuzuia majaribio ya angani, na kaboni ile ikaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo seli ya mtu inabeba alama ya wakati ilipozaliwa. Wakazipima seli za mafuta kwa alama hiyo.

Wakakuta kwamba idadi ya seli za mafuta hupangwa utotoni na katika ujana. Ukishakuwa mtu mzima, idadi haibadiliki sana. Kila mwaka kama asilimia 10 hufa, na nyingine kiasi hicho hicho huzaliwa kuziba nafasi. Waliwapima hata watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, watu waliopungua sana. Miaka miwili baadaye idadi ya seli ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni ukubwa wa kila seli.

Chukulia magunia ghalani. Aliyenenepa ukubwani, kwa kiasi kikubwa, ni magunia yale yale yamejazwa kupita kiasi. Aliyekua mnene tangu utotoni mara nyingi ana magunia mengi zaidi ya wenzake. Akipungua, magunia yanasinyaa, lakini hayatoki ghalani. Yanabaki yanasubiri.

Na hayasubiri kimya. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waligundua homoni inayoitwa leptini. Inatolewa na seli za mafuta, inakwenda kwenye ubongo kutoa taarifa kwamba akiba ipo. Ukipungua, seli zinasinyaa, leptini inashuka, na ubongo unaelewa jambo moja tu: njaa imeingia nchini. Unaongeza hamu ya kula na unabana matumizi ya nguvu. Huko Melbourne, Australia, mwaka 2011, watafiti walifuatilia watu 50 waliopewa mlo mdogo sana kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baada ya kupungua, homoni za njaa zilikuwa bado hazijatulia, na watu wenyewe walisema bado wanasikia njaa kuliko zamani. Mwaka mzima, ndugu zangu. Halafu mtu huyo huyo akionekana kwenye msiba anaongeza wali, tunanong'ona kwamba hana nidhamu.

Naona vichwa vinainama. Inueni, maana habari njema inakuja, na ni njema kwelikweli.

Mwaka huo huo wa 2011 ilitoka taarifa iliyokusanya watu 6,328 kutoka Finland, Marekani na Australia. Hawa walipimwa utotoni, wakapimwa tena ukubwani, na kwa wastani ilikuwa imepita miaka 23. Wale waliokuwa wanene utotoni na wakabaki wanene sana ukubwani walikuwa na hatari kubwa ya kisukari, shinikizo la damu na mafuta mabaya kwenye damu, na hilo halikumshangaza mtu. Lakini waliokuwa wanene utotoni, ambao ukubwani hawakuwa tena kwenye unene wa kupindukia, hatari yao ilikaribiana na ya watu ambao hawajawahi kuwa wanene maisha yao yote. Utoto wao haukuwafunga. Nilipoisoma mara ya kwanza nililia, na sioni haya kuwaambia.

Tahadhari moja tu. Wadenmark walifuatilia wanaume zaidi ya elfu sitini, wakatoa matokeo mwaka 2018 kuhusu kisukari. Walioacha unene kabla ya miaka 13 walifanana na wasiowahi kunenepa. Waliochelewa kuuacha mpaka mwanzo wa utu uzima walibaki na hatari ya ziada, ila ndogo kuliko ya walioendelea na unene. Kwa hiyo wazazi msisubiri. Na mtu mzima, usiseme muda umepita.

Sasa tuje nyumbani. Utafiti wa afya wa mwaka 2015 na 2016 hapa Tanzania ulionyesha asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kenya, mwaka 2014, ilikuwa asilimia 33. Tuko wengi, na bado kupungua hapa kwetu kuna vikwazo ambavyo vitabu vya Ulaya havivitaji.

Cha kwanza ni hofu ya kukonda. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia kule Rakai, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliuita Slim kwa sababu mgonjwa alikuwa anakwisha mwili. Familia nyingi za ukanda huu zina mtu ziliyemzika katika miaka ile. Kwa hiyo ukipungua kilo kumi, shangazi anakuita chumbani, anafunga mlango, anauliza taratibu: "Mwanangu, una nini?" Yule shangazi hana ubaya. Amezika watu. Mjibu kwa heshima, mwambie mapema kabla hajaogopa: "Shangazi, presha ilipanda, daktari kasema nipungue." Nimeona mabinti wakirudi kula kwa nguvu ili tu mama mkwe aache kulia.

Cha pili ni mchakamchaka. Mliosoma shule zetu mnaujua. Asubuhi na mapema, mnakimbia mnaimba, na mtoto mnene yuko nyuma kabisa, fimbo ya kiranja inamfuata na darasa zima linacheka. Mtoto huyo alijifunza kwamba kukimbia ni kudhalilika. Leo ana miaka arobaini, unamwambia ajiunge na klabu ya jogging ya mtaani, anatafuta visingizio, na mwenyewe hajui kwamba anachokikimbia ni cha darasa la pili. Mtu huyu naomba asianze kwa kukimbia. Atembee, tena na mtu mmoja anayemwamini, baada ya swala ya alfajiri barabara ikiwa bado tulivu. Dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanzia. Safari fupi ambazo siku hizi tunapanda bodaboda kwa kuwa ipo mlangoni, azitembee. Baadaye aongeze kazi za nguvu, kupanda ngazi, kuinua ndoo, kuchuchumaa na kuinuka, kwa sababu mtu akipungua bila kutumia misuli, misuli nayo inaondoka.

Kuhusu chakula sitawasomea orodha. Mnavijua vyakula. Nataka niseme juu ya sinia. Kula pamoja ni jambo zuri na sitaki life. Lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na aliyekuwa mnene tangu utotoni hajawahi kufundishwa na mwili wake mahali pa kuishia. Akae palepale na wenzake, apakue chake kwenye sahani: nusu ya sahani mboga, mchicha, matembele, bamia; robo maharage, dagaa, samaki au yai; robo ugali au wali. Maharage na dagaa vinashibisha kwa muda mrefu, tena ni rahisi kuliko nyama.

Angalieni pia mafuta na vinywaji. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na mapishi yetu hayaishii kwenye kijiko kimoja. Chupa ya soda ya kawaida ina sukari inayofikia vijiko tisa vya chai, na haishibishi hata kidogo. Mtu akiacha soda na akapunguza sukari kwenye chai, bila kugusa kitu kingine, ataona tofauti. Na kwenye shughuli usikatae chakula cha mwenyeji. Pokea, kula kidogo, sifia upishi, ondoka na amani.

Hizi chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye simu, nyingi zina majani ya kuharisha. Unapoteza maji, unapoteza chumvi za mwili, mafuta yako palepale. Sindano mpya za kupunguza uzito ni habari nyingine. Dawa ya semaglutidi imefanya kazi kweli: kwenye utafiti wa mwaka 2021 watu walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 katika wiki 68. Lakini walipoacha, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya uzito uliopungua ilirudi, kama mnavyoweza kutegemea baada ya habari ya magunia. Ni dawa ya kuendelea nayo, ni ghali, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu bandia zake. Asiinunue mtu mkononi kwa mtu. Kwa wenye unene mkubwa kuna upasuaji, nao una msingi imara wa utafiti. Muulizeni daktari bila aibu.

Kuna jambo ambalo wahudumu wenzangu hatuliulizi. Mtu wetu akifanikiwa, ngozi iliyovutika tangu utotoni hairudi yote. Inaning'inia tumboni na mikononi, na anajiona ameharibika. Mwambieni mapema kwamba itatokea. Na akilini bado ni mnene. Anapita kiubavu mlangoni. Kwenye daladala anatafuta siti ya pembeni ili asimbane mtu, wakati sasa anakaa vizuri tu. Akisifiwa anakasirika, kwa sababu anasikia kwamba zamani hakuwa mtu. Msimsifu kwa kumlinganisha na alivyokuwa. Yule wa zamani ndiye aliyefanya kazi yote.

Lengo basi liwe lipi, kama hakuna uzito wa kurudia? Nawapa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa leo. Mwenye kilo 110 apunguze kati ya tano na nusu na kumi na moja. Hapo presha na sukari huanza kushuka, hata kama majirani hawajaona tofauti. Kisha asimame, alinde alichopata kwa mwaka mzima kabla ya kutaka zaidi. Kulinda ni kazi kamili, pengine ngumu kuliko kupunguza. Marekani kuna daftari la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kuzilinda kwa mwaka au zaidi, lilianzishwa mwaka 1994. Wengi wao wanajipima uzito mara kwa mara, wanakula kifungua kinywa, na wanautumia mwili kama saa moja kwa siku. Hakuna maajabu ndani yake, ila hawajaacha.

Na kama huna mizani, chukua kamba. Simama, mtu akupime urefu kuanzia kisigino hadi utosini, akate hapo. Ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ikikutana, vizuri. Isipokutana, nafasi iliyobaki ndiyo kazi yako, na mwezi ujao ipime tena kwa kamba ile ile. Kamba ziko pale mezani, kila mtu achukue yake.

La mwisho kabla ya maswali, na hili nalisema kwa msisitizo. Wenye kisukari mnaotumia glibenklamidi au insulini, na wenye presha mnaotumia vidonge, msipunguze chakula kesho asubuhi kwa sababu mmenisikia leo. Ukila kidogo huku dozi ikibaki ile ile, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Nenda kliniki kwanza, mwambie daktari unataka kupungua, dozi ipangwe upya. Na wanaojiandaa kufunga Ramadhani wafanye hivyo wiki kadhaa kabla.

Haya, nimeona mikono. Tuanze na bibi aliyekaa pale dirishani. Karibu, mama.